Buffalo, Texas na rula ya theluji

Kila baridi inapoua watu Marekani, hoja moja hurudi mezani: anayeishi kaskazini anajua theluji ipo, kwa nini mlipa kodi wa Florida agharamie kuizoa? Utaisikia kwa wabunge mjini Washington, na utaisikia pia kwenye makundi ya WhatsApp ya Wakenya na Wakongo wa huku, ambao wenyewe hushika koleo kila Januari na hawajawahi kuletewa hundi na mtu. Si hoja ya kijinga. Ina uzito kuliko watetezi wa misaada ya serikali kuu wanavyopenda kukiri, na uzito wenyewe unaonekana vizuri zaidi Texas.

Februari 2011 baridi iliikumba Texas, mitambo ya umeme ikazimika, na wateja zaidi ya milioni 3 wakakatiwa umeme. Agosti mwaka huohuo wasimamizi wa nishati wa serikali kuu wakatoa ripoti: ikingeni mitambo yenu na visima vya gesi dhidi ya baridi. Yalikuwa mapendekezo, si amri, na mengi yakawekwa kabatini. Gridi ya Texas, yaani mtandao wake wa umeme, unaoendeshwa na shirika la ERCOT, imejitenga kwa makusudi na gridi za majimbo jirani, na sababu mojawapo ni kukwepa mkono wa Washington. Miaka kumi baadaye, Februari 2021, visima vya gesi vikaganda, mitambo ikazimika mmoja baada ya mwingine, na nyumba na biashara zaidi ya milioni 4.5 zikaingia gizani, nyingine kwa siku kadhaa. ERCOT ilikuja kukiri kwamba gridi nzima ilikuwa imebakiza dakika 4 na sekunde 37 ianguke kabisa. Ndipo Gavana Greg Abbott akaomba tangazo la janga kubwa, lile linalofungua fedha za serikali kuu, kwa kaunti zote 254. Rais Biden alitia saini tarehe 19 Februari, akaanza na kaunti 77 kwa msaada wa watu binafsi. Baadaye zikafika 126.

Wakosoaji wanalisimulia tukio hili kwa raha, na wana haki. Jimbo lililoikataa Washington wakati wa kutunga kanuni liliikumbuka Washington bili ilipofika. (Seneta Ted Cruz wa Texas kupanda ndege kwenda kupumzika Cancún, Mexico, wapiga kura wake wakitetemeka gizani hakukusaidia sura ya jambo.) Kama mtu ana uhakika wa kulipiwa kila akiharibikiwa, atanunua kinga ya nini? Kanuni ya bima iko hivyo, na serikali kuu ya Marekani kwa kweli imekuwa bima ambayo majimbo hayailipii ada yenye kuuma.

Lakini tazama nani alikufa. Kwa hesabu ya jimbo lenyewe walikuwa watu 246, karibu theluthi mbili kati yao kwa baridi tu, ndani ya nyumba zao au nje. Wengine waliuawa na moshi usioonekana: waliwasha gari ndani ya gereji, au waliingiza jiko la mkaa sebuleni ili watoto wapate joto. Anayelijua jiko la mkaa anajua pia hatari yake chumba kikifungwa. Ila saa nane za usiku, hita imekufa na mtoto analia, ujuzi huo hushindwa na baridi. Hakuna hata mmoja wa hawa aliyekaa kwenye bodi ya kampuni ya umeme. Ukiinyima Texas msaada ili kuitia adabu, unayemtia adabu ni mpangaji ambaye bomba la dari limepasuka juu ya kitanda chake.

Kuna jambo jingine ambalo wakosoaji hulipita haraka. Juni 2021, msaada wa Washington ukiwa bado unamiminika, bunge la Texas lilikuwa limekwisha kupitisha sheria ya kulazimisha mitambo ikingwe na baridi, na Abbott akaitia saini. Sheria ina mianya yake, hasa upande wa gesi. Hata hivyo, ilipatikana kwa sababu ya maiti na hasira za wapiga kura, si kwa sababu hundi zilizuiwa. Nadharia kwamba msaada huua hamu ya kujiandaa ingetabiri kinyume chake.

Sasa twende Buffalo, jiji lililo ukingoni mwa Ziwa Erie, ambako neno "wamezoea" hutumika kama jibu la kila kitu. Desemba 2022 tufani ya theluji ilivuma huko kwa saa 37 mfululizo. Uwanja wa ndege ulirekodi inchi 51.9, yaani karibu sentimeta 132. Katika kaunti za Erie na Niagara walikufa watu 47: waliokwama ndani ya magari, walioganda mitaani, waliopiga simu ya dharura na gari la wagonjwa likashindwa kufika. Kwa mara ya kwanza katika historia yake, kikosi cha zimamoto cha jiji hakikuweza kuitikia simu. Marufuku ya kuendesha magari ilitangazwa saa 2:41 asubuhi ianze saa 3:30, wakati mtu wa zamu ya alfajiri yuko kazini tayari. Wengi wa waliofia ndani ya jiji walikuwa weusi, katika jiji ambalo weusi ni kama theluthi moja ya wakazi. Tarehe 26 Desemba Biden alitoa tangazo la dharura, Washington ikibeba asilimia 75 ya gharama za hatua za uokoaji. Tangazo la dharura ni daraja la chini kuliko janga kubwa, na kwa kawaida lina kikomo cha dola milioni 5 kinachoweza kuvukwa tu kwa maelezo maalumu.

Ili kaunti ilipwe gharama za kuondoa theluji chini ya tangazo la janga kubwa, FEMA, shirika la serikali kuu la kushughulikia maafa, hutaka theluji iliyoanguka iwe imevunja rekodi ya mahali hapo au imeikaribia kwa asilimia 10. Ikifaulu, hulipwa kwa kawaida gharama za kipindi cha saa 48. Na theluji hupimwaje? Kuna ubao mweupe umewekwa chini mahali pa wazi. Mpimaji husimamisha rula juu yake, husoma, huandika, hufagia ubao, kisha hurudi, si zaidi ya mara moja kila baada ya saa sita. Kwa theluji inayoshuka taratibu hiyo ni kazi safi. Kwa theluji inayopigwa na upepo na kukimbia sambamba na ardhi, ubao unaweza kubaki karibu mtupu huku ng'ambo ya barabara mlango wa mtu umezikwa hadi kizingiti cha juu.

Ichukue tufani ya Buffalo ya mwaka 1977, ambayo wazee wa mji ule bado wanaitaja kwa mwaka wake tu. Ziwa Erie lilikuwa limeganda tangu katikati ya Desemba, na kwa wiki sita hivi theluji ikawa inajirundika juu ya barafu. Tarehe 28 Januari upepo ukageuka, ukaibeba ile theluji ya ziwani na kuitupa mjini. Theluji mpya iliyoanguka kutoka mawinguni siku zile ilikuwa kama inchi 12 tu, kiasi ambacho mtu wa Buffalo hakimzuii kwenda dukani. Watu 29 walikufa. Jimmy Carter, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameingia Ikulu, alitangaza janga kubwa, na tangazo hilo hutajwa kuwa la kwanza nchini humo kutolewa kwa sababu ya dhoruba ya theluji.

Lete dhoruba ileile leo, uipime kwa rula ya leo. Inchi 12 haziikaribii rekodi yoyote ya Buffalo. Gharama za kuondoa theluji, ambazo zilikuwa mzigo mkubwa mwaka 1977, zisingepita kwa kipimo hicho. Dhoruba iliyofungua mlango huu isingeweza kuupita.

Watetezi wa kanuni hii si watu wabaya, na sababu yao ni nzuri: kinachopimwa ni mshangao. Mji unaopata theluji kila mwaka una magari ya kuizoa, chumvi na madereva, kwa hiyo usaidiwe tu pale yaliyotokea yanapozidi mazoea. Mji wa kusini ambao inchi tatu huufunga una rekodi ndogo, nao utafikia kipimo mapema. Kwenye karatasi hesabu imekaa sawa. Shida ni kwamba rekodi haishuki. Kila dhoruba inayovunja rekodi inakiinua kipimo cha kukusaidia safari ijayo. Kadiri unavyopigwa ndivyo unavyodaiwa kupigwa zaidi. Halafu yale magari ya kuzoa theluji yanayodhaniwa kuwa ndiyo kinga ya kaskazini, mwaka 2022 yalikwama pamoja na watu yaliyokwenda kuwakomboa.

Mlango wa pili wa kuufikia msaada ni ukubwa wa hasara. Kwa mwaka wa bajeti wa 2025, FEMA ilitazama kama gharama za umma zimefika dola 1.89 kwa kila mkazi wa jimbo, na dola 4.72 kwa kila mkazi wa kaunti. Jimbo la New York lina watu zaidi ya milioni 20, kwa hiyo hasara ilipaswa kuvuka dola milioni 38. Vermont, yenye watu wasiofika 650,000, ilihitaji kama milioni 1.2. Hapa wakosoaji wanapata pointi nyingine ya haki: New York ni tajiri, iibebe Buffalo yake. Wakaguzi wa bunge, GAO, walionya mwaka 2012 kwamba kiwango hiki ni cha chini mno. Kilianza kwa dola moja mwaka 1986 na hakikupandishwa kufuata mfumuko wa bei hadi 1999, na matokeo yake ni kwamba Washington inaitwa kwa mambo ambayo majimbo yangeyamudu. Mimi sina tatizo na kukipandisha. Ila kiwango kikipanda, mtaa maskini ndani ya jimbo tajiri ndio unaotoweka kwanza kwenye hesabu, na waliokufa kwa baridi hawamo katika hesabu hiyo tangu mwanzo: kinachojumlishwa ni barabara, majengo ya umma na saa za ziada za wafanyakazi.

Kwa jamaa zetu swali ni jembamba zaidi: mtu binafsi anapata nini? Mara nyingi, baada ya theluji, hapati kitu, kwa sababu fedha za msaada wa umma huenda kwa jimbo na kaunti. Texas 2021 ilikuwa tofauti kwa kuwa mabomba yaliyopasuka yaliharibu nyumba, na nyumba iliyoharibika ni kitu ambacho FEMA inajua kukilipia. Hata hapo kuna vichungi. Fedha taslimu ni kwa raia, wenye kadi ya kijani, wakimbizi waliopokewa rasmi na wengine wachache. Mwenye viza ya masomo au ya kazi hayumo, ingawa akiwa na mtoto mdogo aliyezaliwa huku anaweza kuomba kwa niaba ya mtoto. Tena kwa kawaida ni ombi moja kwa kaya moja. Buffalo ina Wakongo, Warundi na Wasomali wengi waliohamishiwa huko kama wakimbizi, na mjomba, mke wake, watoto na mpwa aliyekuja mwaka jana wanaweza kukaa chini ya paa moja. Kwenye fomu hao ni kaya. Mpwa ambaye jina lake halimo kwenye mkataba wa nyumba ana kazi ya kuthibitisha kwamba aliishi pale, na barua ya kukataliwa humpa siku 60 za kukata rufaa. Wengi huisoma barua ile kama hukumu ya mwisho, wakati mara nyingi inadai karatasi moja tu iliyokosekana.

Kwa hiyo ningeuacha msaada wa serikali kuu ubaki, na masharti yake yawe makali kwa wenye mitambo kuliko kwa wenye nyumba. Jimbo litakalopuuza ripoti kama ile ya 2011 lilipe sehemu kubwa zaidi ya ile robo ya kawaida ambayo Washington haibebi, huku msaada wa kaya ukipita bila kusubiri ugomvi huo. Na kwenye theluji, upepo na idadi ya simu za dharura zisizojibiwa viwekwe pembeni ya rula.

Mwelekeo wa mwaka 2025 haukufuata hata hoja ya wakosoaji wenyewe. Kama majimbo yajiandae, basi fedha za maandalizi ndizo zilizopaswa kulindwa. Aprili 2025 FEMA ilitangaza kuufuta mpango wa BRIC, uliokuwa ukigharamia kinga kabla ya maafa na ambao ulianza mwaka 2020, Trump akiwa madarakani kwa awamu ya kwanza. Majimbo 20 yakakimbilia mahakamani. Mwezi huohuo wa Aprili, Jimbo la Washington, lile la kaskazini-magharibi na si mji mkuu, lilinyimwa tangazo la janga kubwa kwa dhoruba ya upepo ya Novemba 2024. Liliripoti hasara ya dola kama milioni 34, zaidi ya mara mbili ya kiwango chake, ambacho kwa watu milioni 7.7 ni karibu milioni 14.6. Sheria hairuhusu jimbo lidai kwamba kufikisha kiwango kunalipatia haki ya kulipwa, kwa kuwa rais ndiye anayeamua. Maana yake, ofisa wa fedha wa kaunti anayepanga bajeti ya majira ya baridi yajayo hawezi kuandika sifuri kwenye mstari wa msaada wa Washington, na hawezi kuandika asilimia 75.