Wekundu Si Rutuba

Nimetumiwa tangazo la shamba upande wa Marafa, huku kwetu Magarini, pwani ya Kenya: "Udongo mwekundu, rutuba tele, panda chochote." Panda chochote! Dalali angesifia upepo ningemwelewa.

Jamani, wekundu ule ni kutu ya chuma. Mvua hushuka na hewa ya ukaa, ikawa asidi hafifu, na kwa joto letu hili hula mwamba bila kupumzika. Kalsiamu, magnesiamu, potasiamu, vyote ambavyo mmea unavililia, huyeyuka vikaenda na maji. Hata silika iliyo ndani ya madini ya mwamba huondoka polepole. Hubaki visivyoyeyuka kirahisi: oksidi za chuma na alumini, udongo wa ufinyanzi uitwao kaolini, na mchanga. Kule Guinea mambo yalifika mbali hadi wanachimba boksiti, mawe ya kutolea alumini. Sisi tumebaki na machicha, tui lilikwisha kamuliwa zamani, na bado mtu anakuuzia kwa bei ya nazi.

Halafu kaolini haina nguvu ya kushika virutubisho. Mbolea ya dukani unayomwaga leo, masika huiteremsha mizizi isikofika. Fosforasi yenyewe haiendi popote: chuma na alumini huing'ang'ania, mahindi yakabaki kuitamani. Na mbolea zenye amonia, ukizirudia kila msimu, huuzidishia udongo asidi. Baada ya hayo yote, afisa mmoja anasimama barazani kutwambia wakulima wa Magarini ni wavivu. Wavivu! Yeye jembe alilishika lini?

Haya, Kiambu nako udongo ni mwekundu na unazaa. Nakubali. Lakini ule umetokana na miamba ya volkano, akiba yake haijakwisha. Msitulinganishe.

Wazee walichoma kichaka, majivu yakarudisha potasiamu na kalsiamu, wakalima misimu michache wakahama. Wakapanda mihogo na mikorosho, ambayo huvumilia ardhi iliyochoka. Leo pa kuhamia hakuna, kwa hiyo ni samadi na majani yaozee shambani, maana katika udongo kama huu mboji ndiyo inayoshika chakula cha mmea. Tuache kuchoma mabua kila mwaka, tafadhali.

Na chokaa ya kupunguza asidi je? Pwani tumekalia mawe ya matumbawe, Lamu wamechoma chokaa ya kujengea tangu enzi za mababu, lakini taja chokaa ya shamba uone watu wanavyokutazama.