Kabla Hamjamwambia Mwalimu Achangamkie Fursa ya Nje

Wiki iliyopita imetembea klipu ya sauti kwenye kundi letu la ukoo. Kiongozi mmoja yuko jukwaani, anawaambia vijana waliosomea ualimu waache kulalamikia ajira, wachangamkie fursa ya kufundisha Kiswahili nje ya nchi. Soko lipo, anasema, mnangoja nini? Makofi yanasikika, kisha muziki. Haikupita saa moja, binti wa kaka yangu, mhitimu wa ualimu ambaye yuko Kahama anasubiri usaili mwingine, akaniandikia pembeni: "Shikamoo shangazi. Nije?"

Mimi ni Mtanzania, nafundisha Kiswahili na Jiografia hapa Kigali, Rwanda. Nikimwambia njoo bila maelezo nitakuwa nimemdanganya mtoto wa ndugu yangu, na nikimwambia usije nitakuwa nimeidanganya nafsi yangu, maana kazi hii naipenda na nchi hii imenitunza. Kwa hiyo naandika kwa urefu, asome yeye na wasome wengine wote wanaotumiwa klipu kama ile.

Kwanza, kiongozi yule hakusema uongo kuhusu lugha. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, wakakipokea 2019, Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi mwaka 2022. Watoto wanataka kujifunza, na wazazi wanaofanya biashara Bukavu, Bujumbura na Dar es Salaam wanataka watoto wao wajifunze. Yote hayo ni kweli. Kinachonichoma ni kwamba hotuba ikiisha, anayebaki kutafuta shule, kutafuta kibali cha kazi, kutafuta chumba na kuhangaikia uzee wake ni mwalimu peke yake. Nilivuka mpaka wa Rusumo mara ya kwanza na vyeti vyangu ndani ya mfuko wa plastiki, kwetu mifuko ile ikiwa bado halali. Upande wa pili ilikuwa imekatazwa tangu 2008. Mfuko ukabaki mpakani, vyeti nikavikumbatia kifuani mpaka Nyabugogo, kituo cha mabasi cha Kigali, mvua ikinyesha. Hakuna ofisi yoyote ya nyumbani iliyokuwa na habari kwamba mwalimu wao amevuka, na sidhani kama leo ipo.

Nitaje mfano mmoja ili nisionekane nalalamika hewani. Oktoba 2022 walifika Kigali walimu 154 kutoka Zimbabwe. Walikuja kwa makubaliano ya serikali mbili, yaliyosainiwa mwaka uliotangulia. Habari ile niliisoma chumba cha walimu wakati wa chai, na niliendelea kuiwaza siku nzima. Serikali yao inajua idadi yao na majina yao, na mmoja wao akipata shida kuna karatasi yenye saini ya pande mbili ya kufungua. Zimbabwe haimo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki, wala haipakani na Rwanda. Sisi tumo pamoja ndani ya Jumuiya tangu Rwanda ilipoingia mwaka 2007, tunapakana, tunatumia daraja moja juu ya Kagera. Sasa Watanzania waliotawanyika kwenye shule za binafsi za Kigali, Musanze na Huye, nani ana orodha yao? Nimeuliza. Orodha niliyoipata ni ya kundi la WhatsApp tulilounda wenyewe kwa ajili ya misiba.

Anayetaka kuja ajue siku zenyewe zilivyo. Naamka saa kumi na moja alfajiri, ambayo nyumbani tayari ni saa kumi na mbili. Vilima vya Kigali vina baridi asubuhi, na moto, ndivyo tunavyoita bodaboda huku, inapanda mlima kwa mlio wa chini huku abiria umevaa helmeti iliyoacha jasho la mtu mwingine. Magari yanapita kulia, na mpaka leo nikivuka barabara kwa haraka naangalia upande usio wake. Kipindi cha kwanza kinaanza mapema, darasa limejaa, na Kiswahili kina vipindi vichache kwa wiki kuliko Kiingereza na Hisabati, kwa hiyo kila dakika ina thamani. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, unatoka na majirani kufyeka na kuzibua mitaro, na ukishafanya hivyo kwa muda unajua nani mgonjwa mtaani na nani kajifungua. Jumapili nateremkia Nyamirambo kula pilau na kusikia watu wakigombana kwa Kiswahili kuhusu mpira.

Na kuna darasa lenyewe. Nina kijana mmoja wa S2, yaani kidato cha pili, aliyetoka Rusizi, bibi yake huuza samaki na kuvuka kwenda Bukavu na kurudi. Kwenye masomo mengine hukaa nyuma, kimya, kichwa chini. Nilipowapa kazi ya kuandika barua kwa ndugu, aliandika ukurasa na nusu kwa bibi yake, akamwuliza kama mguu umepona, akamwambia asivuke kwenda Bukavu wakati wa jioni kwa sababu ya mvua, akamwomba amtunzie sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu. Nikamwomba aisome mbele ya wenzake. Alisoma bila kusita hata mara moja, na wale wanaomcheka lafudhi yake ya mpakani wakamwomba arudie. Tangu siku hiyo anakaa benchi la mbele. Hicho ndicho kinanifanya nisifunge begi, na nasema hivi kwa moyo wangu wote.

Lakini mapenzi ya darasa hayanifumbi macho nikipokea karatasi ya mshahara, na hapa naomba msomaji asiniache.

Kila mwezi nakatwa mchango wa pensheni. Hadi mwisho wa 2024 mchango ulikuwa asilimia 6, nusu ya mwajiri na nusu ya mfanyakazi. Tangu Januari 2025 ni asilimia 12. Sigombani na makato. Nchi inayowawekea wazee wake akiba inafanya jambo la haki. Shida iko kwenye masharti. Hapa Rwanda, ili ulipwe pensheni ya kila mwezi ukizeeka, uwe umechangia miaka 15. Nyumbani, kwenye NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, uwe umechangia miezi 180. Miezi 180 ni miaka 15 ile ile.

Sasa mchukue mwalimu aliyefundisha miaka 10 kwenye shule ya binafsi Mwanza, kisha akasikia hotuba kama ile, akaja Kigali akafundisha miaka mingine 10. Amesimama ubaoni miaka 20 na amekatwa kila mwezi wa miaka hiyo. Akifika uzeeni, mfuko wa huku unamwambia hajatimiza miaka, na mfuko wa kule unamwambia hajatimiza miezi. Atapewa mkupuo wake mdogo huku na mkupuo mwingine kule, na pensheni ya kila mwezi hataiona. Mwenzake ambaye hakutoka Mwanza, aliyechangia miaka 15 tu, mitano pungufu, atalipwa kila mwezi mpaka anaingia kaburini. Yule aliyepigiwa makofi kwa kupeleka lugha mbele ndiye atakayezeeka akiwategemea watoto. Nyumbani wenzetu wanapambana na kikotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao, na nawaunga mkono, lakini sisi hata mlango wa kikotoo hatuufikii.

Nimesikia watu wakisema Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki inatulinda. Inatulinda nusu. Itifaki ile ilianza kutumika Julai 1, 2010, na kifungu cha 10 kinampa mfanyakazi wa nchi mwanachama haki ya hifadhi ya jamii kama wafanyakazi wa nchi anayofanyia kazi. Nakubali, na mwajiri wangu anachangia kama anavyowachangia Wanyarwanda. Lakini ile miezi niliyochangia nyumbani kabla sijavuka inabaki kule, na ya huku itabaki huku siku nitakayorudi. Kila nilipouliza namna ya kuiunganisha nimejibiwa kwamba utaratibu haupo. Umoja wa Ulaya walishalitatua: vipindi vya michango vinajumlishwa ili utimize sharti, kisha kila nchi inalipa sehemu yake. Hakuna fedha inayohama kabla ya wakati, na hakuna mfuko unaofilisika kwa ajili ya mwenzake. Ni kujumlisha miezi tu, na kuandikiana barua.

Wala tusiambiwe kwamba kugawana kati ya nchi zetu ni jambo gumu. Pale pale Rusumo, mita chache kutoka dirisha ninapogongewa muhuri, kuna mradi wa umeme wa maporomoko. Megawati 80, zinagawanywa sawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Nchi tatu zimekaa, zikakubaliana maji ya mto mmoja yazalishe kiasi gani na kila mmoja achukue kiasi gani. Kila nikipita pale nawaza hivyo hivyo: wataalamu wa kuigawa megawati tunao, basi wa kuijumlisha miezi ya mwalimu hawawezi kukosekana.

Najua nitaambiwa mtu anaweza kuendelea kuchangia nyumbani kwa hiari akiwa nje. Sawa, anaweza. Mwenye mshahara wa mwalimu, kodi ya nyumba, ada ya mtoto na nauli ya kwenda kuzika, anachangia mara mbili kwa miezi mingapi? Wanaoweza wafanye, na nawashauri wafanye. Lakini hiari ya mtu mmoja haiwezi kuwa ndiyo sera ya nchi inayomhimiza aondoke.

Kuna mengine nitayapitia haraka. Wahasibu, wahandisi, wasanifu majengo na madaktari wa mifugo wa Afrika Mashariki walishawekewa makubaliano ya kutambuana taaluma. Walimu, ambao ni wengi kuliko wote hao, hatuna. Mikataba mingi ya shule za binafsi ni ya miezi 10, kwa hiyo likizo ndefu unaila kwa akiba au kwa deni. Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, shule niliyokuwa nafundisha ilisimamisha mikataba yetu, na mpaka ukafungwa isipokuwa kwa mizigo na watu wanaorudi makwao. Mama mwenye nyumba aliacha kuulizia kodi, akawa analeta maharage kwenye sufuria yenye mfuniko, anaiweka mlangoni na kusema "ihangane", yaani vumilia, akiwa mbali ili tusiambukizane. Sitamsahau mama yule.

Na mwanangu anasoma bweni Shinyanga. Shule za huku zinafunga kwa likizo ndefu mwanzoni mwa Julai, na za kwetu zinafungua mwanzoni mwa Julai hiyo hiyo. Nikishuka kwenye basi, yeye yuko na tranka lake mlangoni anasubiri kurudi shule. Kalenda ni kalenda, hakuna wa kumlaumu, ila anayefikiria kuja akiwa na mtoto anayesoma alijue hili kabla hajakata tiketi.

Nikiri pia yaliyo mema, ingawa leo sina hamu nayo sana. Mshahara wangu unaingia tarehe yake. Natembea saa tatu usiku kutoka kituoni mpaka nyumbani na simu mkononi bila hofu. Wazazi huku wakikutana na mwalimu wa mtoto wao sokoni Kimironko wanamsimamisha wamsalimie, na muuza ndizi akisikia hivyo anaongeza mbili. Heshima ya namna hiyo inamtia mtu nguvu ya kusahihisha madaftari mpaka usiku wa manane.

Ninachotaka kina ukubwa wa kufanyika. Ubalozi uwe na daftari la walimu wa Kitanzania walioko nchi husika, jina, shule na namba ya simu. Wizara za kazi za nchi hizi mbili zikae na mifuko yao, zianze na jambo moja tu la kujumlisha miezi, hata kama mengine yatachukua miaka. Na kiongozi anayesimama jukwaani kuwaambia vijana waende, awaambie hapo hapo wakienda ni makubaliano gani yanawasubiri upande wa pili, na kama bado hayapo, aseme yataanza lini.

Walimu wenzangu mlioko Bujumbura, Juba, Lubumbashi au Lilongwe: kama yupo kati yenu aliyewahi kufanikiwa kuunganishiwa michango ya nchi mbili, naomba aandike hapa chini alipitia ofisi gani na alidaiwa karatasi zipi. Nitaanza kuzikusanya zangu wiki hii.