Piramidi Zile Hazikuwa za Misri

Idd iliyopita dada yangu alikuja kwangu na wanawe. Baada ya pilau, watu wazima wakiwa wamejinyoosha mkekani, binti yake wa Darasa la Sita akanisogelea na simu mkononi. "Mjomba, nimepata ishirini kwa ishirini!" Ilikuwa chemsha bongo ya miji na majengo ya kale ya dunia: inaletwa picha, chini yake majina ya nchi nne, unagusa moja. Nikampongeza, kisha nikamwomba tuzipitie picha zote pamoja. Mnara wa Eiffel, Ufaransa. Taj Mahal, India. Machu Picchu, Peru. Tulipofika katikati zikaja piramidi juu ya mchanga. Jibu lake lilikuwa Misri, na programu imempa alama ya kijani.

Niliitazama ile picha kwa muda. Piramidi ndogo, nyembamba, zimechongoka kama paa la msonge, zimesongamana nyingi mahali pamoja, na baadhi yake vichwa vimekatika. Zile hazikuwa za Misri. Zilikuwa za Meroe, kaskazini ya Khartoum, walikozikwa wafalme na malkia wa Kushi, ufalme wa kale wa Sudan. Sudan ina piramidi zaidi ya 200, nyingi kuliko Misri yenyewe. Na vichwa vile havikukatwa na upepo: mwaka 1834 Mwitaliano mmoja, Giuseppe Ferlini, alibomoa piramidi za pale akisaka hazina. Habari yote hiyo ilikuwa ndani ya picha moja, na mtoto akapewa maksi kwa kuikosa.

Mimi sina ugomvi na chemsha bongo. Nimezipenda tangu nikiwa mdogo, na hadi leo nikisikia mtu anauliza mji mkuu wa Australia nageuza shingo (ni Canberra, wengi husema Sydney). Ninachokipinga ni swali hili moja ambalo limegeuzwa kuwa kipimo cha kujua jiografia: "Jengo hili liko nchi gani?" Swali hilo linapima kumbukumbu ya picha, basi. Mtoto anaweza kulijibu sawasawa mara mia moja asijue kama mji huo uko mtoni au jangwani, mlimani au mdomoni mwa bahari, wala watu wake walikula nini na walimuuzia nani. Tena nchi zenyewe mara nyingi ni changa kuliko majengo. Kilwa ilikuwa na msikiti mkubwa wa mawe karne nyingi kabla hajazaliwa mtu wa kutamka neno Tanzania.

Swali langu mimi ni fupi zaidi: kwa nini hapo?

Siku ile nilichukua kipande cha mkaa jikoni, nikachora Afrika, Ulaya na Asia kwenye sakafu ya saruji pale uani, kwa kukadiria tu. Nikaleta kunde kwenye kibakuli. Nikamwambia mpwa wangu: weka kunde moja Istanbul. Kwenye simu alikuwa ameijibu upesi sana, Uturuki, kijani. Sasa kunde ikabaki inaelea mkononi. Mwishowe akaiweka katikati kabisa ya Uturuki. "Kwa nini hapo?" Akasema kwa sababu ni mji mkuu. Mji mkuu ni Ankara, tangu 1923, na kunde yake kwa kweli ilikuwa karibu na Ankara.

Nikamchorea Bahari Nyeusi, nikamchorea Bahari ya Marmara, na kati yake mfereji mwembamba wa maji, mlango wa Bosporus, ambao penye wembamba zaidi hauzidi sana mita 700. Nikamwambia kila jahazi linalotoka Bahari Nyeusi na shehena ya ngano lazima lipite hapa, hakuna njia nyingine ya maji. Wewe ungekuwa mfalme ungejenga wapi? Akaisogeza kunde yake polepole mpaka ukingoni. Hapo ndipo Konstantino, mfalme wa Roma, alipouzindua mji wake mwaka 330, na ndiyo sababu kila mwenye nguvu aliutaka. Nilipofika mwaka 1453, jinsi Waturuki walivyokuta bandari ya Pembe la Dhahabu imefungwa kwa mnyororo, wakavuta merikebu zao juu ya nchi kavu kwenye magogo yaliyopakwa mafuta na kuziteremsha upande wa pili, wale wadogo zake waliokuwa wakicheza mpira wakaja wote kuchuchumaa pembeni ya ramani. Hawakuwa wakikariri chochote, na bado nina hakika mji ule hautawatoka.

Timbuktu nayo ilijieleza karibu yenyewe. Mto Niger unapanda kaskazini mpaka unakaribia kuingia Sahara, halafu unapinda kama kiwiko na kurudi kusini. Chumvi ilitoka jangwani mgongoni mwa ngamia, dhahabu ilitoka kusini, na penye kiwiko hicho ngamia alikutana na mtumbwi. Ukishaona kiwiko, unaelewa kwa nini wafanyabiashara walijaa pale, kisha wanazuoni na vitabu vyao.

Kuna jambo linaloniuma zaidi ya aina ya maswali, nalo ni orodha yenyewe. Mwaka 2007 dunia ilipigishwa kura kwa simu na intaneti ichague maajabu saba mapya. Yakatoka Ukuta Mkuu wa China, mji wa Petra kule Jordan, sanamu ya Kristo kule Rio de Janeiro, Machu Picchu, Chichén Itzá, Colosseum na Taj Mahal. Afrika haimo hata moja; Piramidi za Giza kule Misri zilipewa heshima ya pembeni tu. Sisemi hayo saba hayafai. Lakini mwaka 2007, ni wangapi vijijini kwetu walikuwa na intaneti ya kupigia kura? Tangu hapo orodha ile imeingia kwenye chemsha bongo, ikaingia mabangoni madarasani, na watoto wetu wanaijibu kana kwamba ilipimwa kwa mizani ya haki. Makanisa 11 ya Lalibela yamechongwa ndani ya mwamba mmoja mmoja, na mtoto wa Nairobi au Mwanza anaijua Petra kabla hajasikia jina la Lalibela, na Ethiopia ni jirani.

Na Kilwa je? Nilikwenda Kilwa Kisiwani kwa mara ya kwanza nikiwa tayari mtu mzima, na jambo hilo linanisikitisha. Ukishuka Kilwa Masoko unapanda boti, maji yametulia, mikoko pembeni, na punde unaanza kuona kuta. Ndani ya Msikiti Mkuu niliinua macho kwenye makuba, nguzo zimepangana safu kwa safu, kuna ubaridi kama wa mtungini. Nikapitisha kidole kwenye jiwe mahali ambapo chokaa imebanduka. Jiwe lile ni tumbawe. Bado lina vile vinyota vidogo vidogo, matundu walimoishi wadudu wa baharini, maelfu kwa maelfu, ndani ya ukuta. Mji ule uliokotwa baharini, ukachomwa chokaa, ukasimamishwa.

Sasa uliza: kwa nini hapo? Jibu ni upepo. Kaskazi huanza kuvuma mwishoni mwa mwaka na kusukuma majahazi kutoka Uarabuni na India kuja huku chini. Kusi hupokea zamu kuanzia Aprili na kuyarudisha. Jahazi lililotoka mbali liliweza kufika Kilwa, likauza, likanunua, likageuza na kusi likafika kwao salama. Ukilisukuma zaidi kusini, mpaka Sofala huko Msumbiji ya leo, linachelewa na upepo unaligeuka, nahodha anajikuta ameganda ugenini hadi msimu mwingine. Dhahabu ya bara ilishukia Sofala. Kwa hiyo watu wa Kilwa wakaifuata wao kwa vyombo vyao, wakaileta hadi pale ambapo upepo ulikuwa ukimfikisha mgeni. Mji mzima ulikaa penye kikomo cha upepo.

Ndiyo maana Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alipopita mwaka 1331 aliusifu kuwa mmoja wa miji mizuri mno. Ndiyo maana Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliweza kujenga Husuni Kubwa juu ya jabali linalotazama bahari, kasri lenye birika la pembe nane. Sarafu yenye jina lake imeokotwa Zimbabwe Kuu, ndani kabisa ya bara, ilikokuwa dhahabu. Na ndiyo maana mwaka 1505 Wareno walikuja na mizinga kuuteka. Umoja wa Mataifa, kupitia UNESCO, umeyaweka magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981. Mpwa wangu alikuwa amejibu maswali 20 kuhusu dunia na hakukutana na Kilwa hata mara moja, yeye ambaye maneno kaskazi na kusi anayasikia kwa babu yake kila mwaka.

Najua walimu watanijibu nini, na wana haki. Darasa lina watoto 80, kusahihisha A, B, C, D ni kazi ya dakika chache, kusahihisha sentensi ni kazi ya usiku mzima. Lakini hata swali moja tu kati ya 20 lingetosha kuanzia: ramani tupu, weka alama mahali mji ulipo, andika kwa sentensi moja kwa nini watu waliujenga hapo. Na ninyi mnaotengeneza programu hizi kwa Kiswahili, nawaomba: muwe na picha za Gedi, Lamu, Zimbabwe Kuu, na mhakikishe Meroe inaitwa Meroe.

Nilimaliza kwa kumsimulia mpwa wangu jambo moja. Mwaka 1944 askari wa Australia aliyekuwa zamu kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yao, aliokota sarafu chache kuukuu ufukweni. Tano kati yake zilikuja kutambuliwa kuwa za Kilwa. Wataalamu hadi leo wanabishana zilifikaje.

Aliangalia ramani yangu. Australia haikuwamo. Akachukua ule mkaa, akapima kwa macho, akaichora mwenyewe mbali huko karibu na ukuta, akaweka kunde juu yake upande wa kaskazini. Kisha akarudi akaweka nyingine Kilwa, akakaa katikati ya bahari ile tupu akizitazama zote mbili. "Mjomba," akaniuliza, "kaskazi ikivuma huku kwetu, kule kunavuma nini?"