Dragnet: kesi za kweli, lakini nani alizichagua?

Kabla ya Dragnet, mchezo wa redio kuhusu kazi ya polisi, mpelelezi wa redio ya Marekani mara nyingi alikuwa shujaa wa peke yake. The Shadow, ambaye Orson Welles alimwigiza kuanzia 1937, aliweza hata kujifanya asionekane. Katika michezo ya namna hiyo polisi walikuwepo pembeni tu, mara nyingi wamechelewa.

Tarehe 3 Juni 1949 shirika la utangazaji la NBC likaanza kurusha mchezo wa aina nyingine. Jack Webb aliigiza sajini Joe Friday wa polisi wa Los Angeles: anataja siku, anataja hali ya hewa na kitengo alichopangiwa zamu, kisha anaanza kugonga milango. Mashahidi hawakumbuki vizuri. Simu zinapigwa bila kuzaa kitu. Msikilizaji aliambiwa kuwa kisa ni cha kweli na kilichobadilishwa ni majina tu, na kesi zenyewe zilitoka kwenye majalada ya polisi wa jiji hilo.

Wanaoutetea mchezo huu wana hoja nzito. Kazi ya upelelezi kweli inachosha, na Webb hakuogopa kuichosha redio pia. Hakukwepa hata mambo machungu. Wiki ya Krismasi ya 1949 alirusha kisa cha mtoto aliyekufa kwa bahati mbaya kwa bunduki iliyonunuliwa iwe zawadi ya sikukuu. Hakuna jambazi wa kukamatwa, ni msiba mtupu nyumbani kwa watu. Nani mwingine angethubutu, tena kwenye kipindi kilichokuja kudhaminiwa na kampuni ya sigara?

Hata hivyo, mwenye majalada ndiye anayeamua lipi litoke kabatini. Webb alihitaji ushirikiano wa polisi, na William Parker, aliyekuwa mkuu wao kuanzia 1950, alijua thamani ya sifa njema hewani. Desemba 1951 Dragnet ilionyeshwa kwenye televisheni kwa mara ya kwanza. Mwezi huohuo, usiku wa kuamkia Krismasi, polisi wa jiji hilohilo waliwakamata vijana saba, watano kati yao Wamarekani wenye asili ya Meksiko, kisha wakawapiga vibaya wakiwa mikononi mwao. Maofisa wanane walishtakiwa, watano wakatiwa hatiani. Hilo nalo lilikuwa jalada la kweli, ila Joe Friday hakuwa mtu wa kulifungua.

Kwangu mimi, kumwita Webb mwongo ni kumwonea. Mbinu za kazi alizieleza kwa uaminifu kuliko waliomtangulia. Tatizo ni kwamba uaminifu huo wa mambo madogo, yaani nyayo, makaratasi na saa, ndio uliompa msikilizaji sababu ya kuamini lile kubwa ambalo halikuthibitishwa popote: kwamba jeshi zima liko kama Friday. Na kipindi kilipoisha, mtangazaji alisoma hukumu. Mtuhumiwa aliyekamatwa kimakosa, akakaa mahabusu kisha akaachiwa, hangeupatia mchezo mwisho wa namna hiyo.