Ute wa bamia kazi yake ni kwenye ugali

Ushauri unaozunguka kwenye simu unajulikana: kata bamia nne au tano, loweka usiku kucha kwenye glasi ya maji, kunywa alfajiri kabla ya kula chochote, kisukari kitaisha. Wahudumu wengi wa afya hujibu kwa mkato kwamba hayo ni mambo ya mitaani, mgonjwa ameze vidonge vyake. Kuhusu kuponya wako sahihi kabisa. Hakuna bamia inayoponya kisukari. Ila jibu hilo la mkato linafagia pamoja na glasi kitu ambacho kaya nyingi za Dodoma zinacho mezani tayari, yaani mlenda, mboga ya kuteleza ambayo hupikwa pia kwa bamia, na mlenda haustahili kudharauliwa hivyo.

Kwenye bamia hutajwa makundi mawili ya kemikali. La kwanza ni kwesetini na jamaa zake, ambazo maabara zimeonyesha kwamba huzuia kimeng'enya kinachovunja wanga, kile kile kinachozuiwa na akabozi, dawa ya kisukari. Lakini kutoka maabara hadi utumbo wa mtu ni mbali. Kundi la pili ndilo lenye uzito: ute wenyewe. Ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka, na zikishachanganyika na chakula huwa kama uji mzito tumboni. Chakula hushuka taratibu, vimeng'enya hukawia kuufikia wanga, na glukosi huingia kwenye damu kidogo kidogo badala ya kwa mkupuo. Nyuzinyuzi za shayiri na maharage hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo.

Sasa tazama glasi ya alfajiri. Tumbo halina ugali, kwa hiyo ute hauna cha kuchelewesha. Sukari inayosomeka asubuhi kabla ya kula hutoka kwa sehemu kubwa kwenye ini, na ute wa bamia hauendi huko. Mtu anakunywa, anapima, haoni tofauti, anahitimisha kwamba bamia ni uongo. Mwingine anaona imeshuka kidogo, labda kwa sababu jana usiku alikula kiasi, anaacha dawa. Wote wamepima mahali pasipo penyewe. Kipimo kinachoufaa ute ni cha saa mbili baada ya mlo, siku ya ugali na mlenda na siku ya ugali ule ule bila mlenda. (Yapo majaribio machache kwa watu, mengine ya Iran, yaliyotumia unga wa bamia kavu kwa wiki kadhaa na kuona hata sukari ya kufunga ikishuka kiasi. Ni madogo mno kumfanya mtu apunguze dozi.)

Kiasi nacho kina maana kuliko watu wanavyodhani. Gramu 100 za bamia mbichi zina kama gramu 3 za nyuzinyuzi, na si zote zinazoyeyuka. Ugali wa gramu 150 za unga wa sembe una wanga zaidi ya gramu 110. Kwa nyuzinyuzi zinazoyeyuka za shayiri, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya hutaka gramu 4 kwa kila gramu 30 za wanga ndipo ikubali kwamba sukari baada ya mlo inapungua. Bamia si shayiri, lakini kipimo hicho kinatupa picha: kibakuli kidogo cha mlenda pembeni ya mlima wa ugali kitazidiwa tu. Ugali ushuke uwe wa ngumi moja, wa mtama au uwele usiokobolewa ikiwezekana, na mlenda upande ujae nusu ya sahani.

Upishi ndipo panapoharibika. Bamia ikichemshwa muda mrefu ute hulegea, na nyanya nyingi au ndimu huukata. Katakata ndogo, weka maji kidogo, koroga kwa upekecho, epua ingali kijani. Mlenda mkavu wa unga, ule wa kiangazi unaouzwa Soko la Majengo, hupoteza vitamini C nyingi juani, lakini ute unabaki. Magadi ndiyo shida ya kweli. Hufanya mlenda uteleze vizuri, lakini ni chumvi ya sodiamu, na wagonjwa wengi wa kisukari wana presha pia. Bamia changa iliyokatwa ndogo hutoa ute wa kutosha bila magadi.

Upande wa kliniki una hoja moja nzito ambayo wasambazaji wa glasi hawaitaji. Mwaka 2011 watafiti wa Bangladesh waliwapa panya maji ya bamia pamoja na glukosi, na sukari haikupanda kama kawaida. Walipowapa pamoja na metformini, dawa ya kisukari inayotumiwa na wengi, dawa nayo haikuingia vizuri mwilini. Ute haubagui. Ni panya, si watu, lakini tahadhari yake ni rahisi. Kama metformini unameza asubuhi na jioni pamoja na chakula, mlenda uwe wa mchana. Mwenye mawe ya figo aulize kwanza, maana bamia ina oksaleti, kemikali inayochangia mawe hayo. Na anayetumia insulini au glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, asipunguze ugali kimyakimya. Apite kliniki dozi iangaliwe, kwa sababu ilipangwa kwa sahani ya zamani na sukari inaweza kushuka mno.