Gari la umeme likizima barabarani, mnalaumu betri isiyo na hatia

Nissan Leaf, gari la umeme, ikikwama Thika Road jijini Nairobi, video inasambaa kabla bredauni haijafika. Taa zote za dashibodi zinawaka kama disko matanga, mwenye gari amesimama kando ameshika kiuno, na maandishi chini ni yaleyale: "Betri imekufa, hela imeenda." Kisha mashabiki wa petroli wanajaa na vicheko vyao, utadhani Probox haijawahi kusukumwa. Imenichosha. Sisemi magari ya umeme hayaharibiki. Yanaharibika, tena kwa namna zake. Kinachonichosha ni kwamba watu wanakesha wakiiombolezea betri kubwa wakati aliyekufa ni mwingine kabisa.

Mara nyingi betri iliyolizima gari hilo si ile ya karibu kilo 300 iliyolala chini ya sakafu. Ni ile ndogo ya volti 12, ya asidi, sawa na ya gari la jirani yako. Ujerumani wana chama cha wenye magari, ADAC, kinachohesabu magari yaliyokwama kila mwaka, na hesabu zake zinaonyesha kuwa karibu nusu ya magari ya umeme yanayokwama yanakwamishwa na betri ya volti 12. Nusu! Na hao ni Wajerumani, wenye gereji za kung'aa. Sisi tunaonunua gari lililokaa melini na bandarini Mombasa tutegemee nini?

Betri kubwa, yenye karibu volti 400, hukaa imefungiwa. Kati yake na mota kuna swichi nzito ziitwazo kontakta, na kinachozishikilia ni koili zinazokula umeme wa volti 12. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, betri ndogo ndiyo inayoamsha kompyuta. Kompyuta inakagua, inashikisha kontakta ya hasi, inapitisha umeme kidogo kidogo kwenye rezista ili kapasita (vihifadhi vya umeme) za inveta, kifaa kinacholisha mota, zijae, na zikishajaa ndipo kontakta ya chanya inaposhika kwa ule mlio wa "tak". Hapo konvata ya DC inaanza kazi: inazishusha volti 400 hadi 13 au 14 na ushei, inalisha taa, usukani na breki, na kuichaji betri ndogo. Hiyo ndiyo altaneta ya gari la umeme. Volti 12 zikianguka vya kutosha, koili zinaachia. Betri kubwa inaweza kuwa na chaji asilimia 80, na bado ikabaki mzigo tu.

Ubaya wenyewe uko hapa, na wauzaji hawausemi. Gari la petroli lina adabu: linakuonya. Betri ikianza kuchoka, asubuhi stata inalalamika, nyee, nyee, nyee, na una wiki kadhaa za kutafuta hela. Stata huvuta ampea 150 na zaidi, kwa hiyo kila asubuhi betri inafanya mtihani bila wewe kujua. Gari la umeme halina stata. Kuamsha kompyuta na kushikisha kontakta ni kazi ya ampea chache, na betri iliyobaki na robo ya uhai inaifanya vizuri. Unaondoka, konvata inabeba kila kitu, unajiona mzima. Kisha unafika kwenye mzunguko, mvua inanyesha, vifuta kioo vinafanya kazi, taa zimewaka, feni iko mwisho, unakata kona kwa mwendo mdogo na usukani wa umeme unadai makumi ya ampea kwa nusu sekunde. Konvata ina mpaka wake na haiitikii papo hapo. Betri ndiyo ilitakiwa kufidia ile nusu sekunde, nayo ni ganda tupu. Volti zinashuka hadi 10 au 9, kompyuta moja inajizima, nyingine inaiuliza na haijibiwi, na dashibodi inaanza kuorodhesha magonjwa: breki, usukani, mfumo wa umeme, mota.

Ndipo fundi anapochomeka mashine ya kusoma makosa na kukuta kodi 23, yaani namba za makosa. Anakusomea zote moja baada ya nyingine kwa sauti ya daktari wa hospitali ya rufaa. Bei inapanda kwa kila kodi. Kodi 23 zilizozaliwa dakika moja ni watoto wa baba mmoja, na baba huyo ni volti ndogo. Fundi anayejua kazi hupima betri ya volti 12 kwanza, anaichaji au kuibadilisha, anafuta makosa yote, anaendesha gari kilomita chache, kisha anasoma upya. Yatakayorudi ndiyo ya kujadili. Asiyefanya hivyo anasoma bahati nasibu.

Leaf zetu nyingi kutoka Japani zilitumia betri ya ukubwa wa 46B24, ambayo madukani kwetu ni NS60, ampea-saa 45 hivi. Herufi ya mwisho, L au R, inaonyesha upande wa kichwa cha chanya. Ukinunua upande usio wako nyaya hazitafika, na fundi mwenye haraka atazivuta kwa nguvu hadi zifike. Betri hiyo ya asidi ikikaa bila chaji, bamba zake huota ganda gumu la salfeti, na ganda hilo haliondoki lote hata uichaji wiki nzima. Sasa fikiria gari lililokaa yadi Japani, likapanda meli, likakaa bandarini, likaja kusimama kwenye yadi ya muuzaji likiwashwa mara moja tu kwa ajili ya picha. Betri hiyo inakabidhiwa kwako ikiwa maiti iliyopakwa mafuta.

Kisha benki inakufungia traka. Bima nayo ina yake. Unaongeza kamera ya kioo cha mbele na redio yenye skrini kubwa kuliko runinga ya sebuleni. Gari likishalala, mvuto wa kawaida wa umeme ni miliampea 20 hadi 50. Vifaa vilivyounganishwa ovyo vinaweza kuufikisha 200. Miliampea 200 kwa saa 24 ni ampea-saa 4.8. NS60 mpya inafika nusu kwa siku tano, na iliyozeeka haimalizi wikendi. Halafu tunaambiwa umeme ni teknolojia isiyofaa Afrika.

Kupima hakuhitaji shahada. Mita ya kawaida ya dukani inatosha. Gari likae limezimwa na kufungwa kwa saa kadhaa, na boneti uifungue mapema ili usiliamshe wakati wa kupima. Ukiona volti 12.6 au 12.7, betri imejaa. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na chini ya 11.8 anza kuaga. Kisha washa gari hadi liwe tayari kuondoka na upime tena palepale: namba iruke hadi kati ya 13 na 14.7. Leaf hupenda kukaa 13 na kidogo, usiogope. Washa taa kubwa, feni mwisho, na kiondoa ukungu cha nyuma. Ikishuka chini ya 12.8 na kuendelea kushuka, konvata haichaji, au fyuzi yake imekatika, na kununua betri mpya ni kumpaka mgonjwa wa malaria poda. Mwisho, vifaa hivyo vikiwa bado vinawaka, weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi na nyingine kwenye bodi ya gari. Zaidi ya volti 0.2 maana yake athi, waya unaounganisha hasi na bodi, ni mbovu: fungua kwa spana namba 10, piga msasa, kaza. Watu wamebadilishiwa kompyuta kwa sababu ya nati moja.

Volti za kupumzika pekee pia zinadanganya, maana betri mbovu inaweza kuonyesha 12.6 bila haya. Dukani waambie waipime kwa mzigo: nusu ya ampea za kuwashia zilizoandikwa kwenye betri, kwa sekunde 15, na isishuke chini ya volti 9.6. Fanya hivyo kila miezi sita, na ikifika miaka mitatu ibadilishe hata kama haijakukosea. Ukiwa Mombasa usingoje mitatu, joto huila betri ya asidi. Mwenye baadhi ya BYD, au Tesla kuanzia mwishoni mwa 2021, betri yake ndogo si ya asidi bali ya lithiamu, na chaja yake ni nyingine. Usimpelekee fundi wa NS60.

Najua kuna atakayeleta habari za Hyundai. Zilete, zinanisaidia. Machi 2024 Hyundai na Kia waliita takriban magari 147,000 Marekani yarudi kurekebishwa, yakiwemo Ioniq 5 na EV6, na karibu 170,000 Korea Kusini. Sababu? Kifaa kimoja kinachounganisha chaja na konvata: transista zake ziliharibiwa na misukosuko ya volti na joto linalopanda na kushuka, betri ya volti 12 ikaacha kuchajiwa, gari likapunguza nguvu polepole hadi kusimama. Novemba mwaka huohuo wakayaita tena, zaidi ya 200,000 Marekani. Betri kubwa za magari hayo zilikuwa nzima. Wenye magari walisikia "pa!" moja, onyo likatokea, na kilichobaki kilikuwa uhai wa betri ndogo.

Na huo uhai ndio unaoamua utasimama wapi. Onyo la mfumo wa umeme likiwaka ukiwa mwendoni, kosa kubwa kuliko yote ni kuzima gari katikati ya barabara ukitumaini litapona kama simu. Kontakta zikiachia na volti zimeshuka, hazitashika tena, na umejiegesha njia ya tatu mbele ya matatu. Toka njia ya kasi kwanza, nguvu ikiwa bado ipo. Zima feni, kiyoyozi, redio, joto la viti na chaja za simu. Taa za mbele usiku ziache. Ingia kando kabisa, mahali ambapo bredauni itafika, kwa sababu gia ya P kwenye mengi ya magari haya hufungwa na kufunguliwa kwa mota ndogo ya volti 12, na ikishajifunga bila umeme hutalisukuma. Hapo ndipo unaweza kuzima, kungoja dakika kadhaa na kujaribu kuwasha mara moja. Maandishi yakikuambia usimame mara moja, au ukisikia harufu tamu ya kemikali, au ukiona moshi, hakuna cha kujaribu: shukeni wote na mwende mbali.

Haya, betri kubwa nayo hufa, sitakataa. Leaf haina mfumo wa maji wa kupoza betri, na seli moja dhaifu kati ya jozi 96 inatosha kuleta kobe wa njano, taa ya kupunguzwa nguvu, kwenye dashibodi ukipanda mlima na chaji kidogo, kwa sababu gari zima linasikiliza seli iliyo chini kuliko zote. Kabla ya kununua, pima kwa LeafSpy, programu ya simu inayosoma seli, gari likiwa na chaji chini ya asilimia 30, ukikanyaga mafuta; mafuta ya kusema tu. Tofauti ya milivolti 20 kati ya jozi ya juu na ya chini ni afya. Ikipita 100 kwa jozi moja ileile kila mara, ondoka. Vile vijiti 12 vya dashibodi vinavyoonyesha afya ya betri usiviamini, vinaweza kurudishwa kwa programu. Mafuriko nayo huleta hitilafu ya insulesheni, kinga ya umeme usivuje: maji yakifika kwenye plagi za nyaya za rangi ya chungwa, zile za betri kubwa, gari linakataa kuwaka, na linafanya vizuri. Ford waliita karibu Mustang Mach-E 49,000 mwaka 2022 kwa kontakta zilizopata joto kupita kiasi. General Motors waliita Bolt zote mwaka 2021 kwa hatari ya moto. Yapo. Lakini hayo si sababu ya Leaf kulala nje ya supamaketi Jumapili mchana.

Hiyo ya supamaketi inataka nyaya za jampa na dakika tano. Chanya kwa chanya kwanza, hasi ya mwisho kwenye chuma cha bodi mbali na betri, na betri yoyote nzima ya volti 12 inatosha kwa kuwa hakuna stata ya kuzungusha. Ukigeuza nyaya umechoma fyuzi na labda konvata. Na rafiki mwenye Prado la dizeli akikuomba umrudishie wema, kataa: stata yake inataka ampea ambazo konvata yako haikuundiwa kuzitoa, na watengenezaji wengi wameandika katazo hilo kwenye kitabu cha gari, kile cha Kijapani ambacho hakuna aliyekifungua.