Na mtikisiko wa ardhi je?

Mwandishi wa makala ninayoijibu anatuhimiza tuwaige Wamarekani wanaowekeza kwenye visima vya kumwagia majitaka ya mafuta na gesi, ambako mwenye kisima hulipwa kwa kila pipa analopokea. Mzigo upo kweli, maana kisima cha mafuta kikizeeka pipa moja la mafuta hutoka na mapipa kadhaa ya maji, mara nyingi yenye chumvi kuliko ya bahari. Lakini ameruka jambo zito mno. Kule Oklahoma, jimbo la Marekani, kuyasukuma maji hayo chini ya ardhi kuliamsha matetemeko. Lile la mji wa Pawnee, Septemba 2016, lilifika ukubwa wa 5.8, na mamlaka zikaamuru visima vya majitaka zaidi ya 30 vifungwe. Mwekezaji wa hapo alipata nini?

Mimi ni wa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Desemba 2005 ziwa letu lilitikisika kwa 6.8, tena bila kuchokozwa na mtu. Tuko juu ya Bonde la Ufa, na maji ya Tanganyika huchukua mamia ya miaka kubadilika. Sumu ikiingia, wajukuu wa wajukuu watavua dagaa gani? Mafuta yamekuwa yakitafutwa huku. Yakipatikana, tuambiwe kwanza majitaka yataenda wapi, na nani ataweka dhamana kabla pipa la kwanza halijatoka.